Juisi ya machungwa nyumbani: Kamua wakati wa kula, usikamue ya kulaza

Leo safu yetu inaingia jikoni. Tunataka kuzungumzia kikamulio, yaani kile chombo cha mkono cha kukamulia machungwa, malimau na ndimu. Ni chombo kidogo, hakitumii umeme, na mtu anaweza kudhani hakuna la kuandikwa juu yake. Lakini chombo hiki kinaweza kuingiza afya ndani ya nyumba, na kinaweza pia kuingiza maradhi. Nitaanza na yaliyotupata sisi wenyewe.

Ramadhani moja nilialikwa kufuturu nyumbani kwa dada yangu, si mbali na Omurushaka wilayani Karagwe. Machungwa yalikuwa yameiva kibanjani, pembeni ya migomba, na watoto walikuwa wameyaangua kapu zima. Dada yangu, kwa nia njema kabisa, alianza kukamua saa 8 mchana ili ikikaribia Maghribi asihangaike. Juisi ilipoonekana ni kidogo kwa idadi yetu, akaongeza maji ya chemchemi na sukari, akakoroga, akaliweka jagi mezani. Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa tuko magharibi ya nchi, na jua letu huzama karibu nusu saa baada ya jua la Dar es Salaam. Maghribi huingia karibu na saa 1 jioni. Hivyo juisi ile ilikaa takriban saa 5 jikoni, jirani na mafiga yaliyokuwa yanaivisha futari.

Tulifuturu, tukaswali, tukafurahi. Usiku wa manane mtoto wa dada yangu, mwenye umri wa miaka 3, akaanza kuharisha na kutapika. Wakati wa daku macho yake yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Kulipopambazuka tulimkimbiza zahanati. Muuguzi alimpa maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo kwa kijiko, na huku anamnywesha akamuuliza mama yake maswali matatu: "Mama, maji mliyotia kwenye juisi ni ya wapi? Mlikamua saa ngapi? Na kikamulio chenyewe kiko wapi?"

Swali la tatu lilitushangaza. Tuliporudi nyumbani tukakitafuta. Kilikuwa kile cha kubana kwa mikono miwili, kimetundikwa kwenye msumari ukutani. Kwa mbali kilionekana safi. Tulipokifungua, kwenye bawaba na ndani ya vitundu mlikuwa na nyama za machungwa za siku nyingi, zimekauka na kuota weusi. Dada yangu alikaa chini akalia.

Alhamdulillah, mtoto alipona. Lakini yale maswali matatu sijayasahau, na leo nayaleta kwako kama yalivyoulizwa.

Maji ni ya wapi?

Juisi iliyo ndani ya chungwa zima, lisilopasuka wala kuoza, imehifadhiwa vizuri na ganda lake. Uchafu huanza pale tunapopitisha kisu, mkono na maji. Katika vijiji vyetu watu wengi huchota kwenye chemchemi, mabwawa na mito. Maji yanaweza kuwa meupe, yanang'aa, na bado yakabeba vijidudu vya kuharisha, homa ya matumbo na hata kipindupindu.

Wako wanaoamini kwamba ukali wa limau unaua kila kijidudu, na kwa hiyo maji yakishatiwa limau yamesafika. Hili ni kosa. Ni kweli kwamba uchachu huvidhoofisha vijidudu vingi, lakini baadhi yake huishi ndani ya juisi. Mwaka 1999, huko Marekani na Kanada, zaidi ya watu 200 waliugua kwa bakteria aina ya Salmonella baada ya kunywa juisi ya machungwa isiyochemshwa, na mmoja wao alifariki. Ikiwa mambo haya yametokea katika nchi zenye viwanda na majokofu, sisi wenye ndoo na jagi tunapaswa kuwa waangalifu zaidi.

Kwa hiyo, kama unataka kuongeza maji kwenye juisi, tumia yaliyochemshwa mpaka yakatokota sawasawa, kisha yakapoa ndani ya chombo chenye mfuniko. Kama kuni ni za shida, tumia dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelezo ya kwenye pakiti. Barafu nayo ni maji. Barafu iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa haina usalama wowote kwa sababu tu imeganda.

Na kabla ya maji kuna mikono. Mtume (s.a.w.) alitufundisha tusitumbukize mkono kwenye chombo tunapoamka usingizini mpaka tuoshe kwanza. Anayekamua machungwa mkono wake wote unalowa juisi, na kila kilicho mkononi kinashuka ndani ya jagi. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, hasa baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto na baada ya kushika mifugo. Mkoa wetu wa Kagera umepata mtihani wa ugonjwa wa Marburg mara mbili, mwaka 2023 wilayani Bukoba na mwaka 2025 wilayani Biharamulo. Ugonjwa ule hauletwi na juisi ya machungwa. Huenea kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Lakini nyakati zile kila mlango uliwekwa ndoo ya kunawia na sabuni. Milipuko yote miwili ilitangazwa kwisha. Ndoo zile tusiziondoe.

Mlikamua saa ngapi?

Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Juisi ya kukamuliwa nyumbani ni ya kunywewa papo hapo. Vijidudu huzaliana kwa kasi katika joto la kawaida la chumba, na juisi iliyotiwa maji na sukari ni chakula chao. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba chakula au kinywaji chepesi kuharibika kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Wenye jokofu wanaweza kuweka juisi kwenye chombo safi chenye mfuniko, lakini isizidi siku moja au mbili. Ambaye hana jokofu, njia yake ni moja tu: kamua inapokaribia kunywewa, na kamua kiasi cha kumalizwa.

Kuna sababu nyingine. Vitamini C iliyomo hupungua inapokutana na hewa, mwanga na joto. Ladha nayo hubadilika. Machungwa ya aina fulani yakikamuliwa juisi yake huwa tamu mwanzoni, ikikaa hugeuka chungu. Kina mama wengi hapo hulaumu machungwa na kuongeza sukari, kumbe kosa ni la kuchelewa.

Sababu ya tatu inamhusu Muislamu moja kwa moja, na watu wa Karagwe na Kyerwa hawahitaji kufundishwa na mtu kutoka mbali. Sote tunaujua omuramba, maji matamu yanayokamuliwa kwenye ndizi mbivu kwa kuzifikicha na nyasi. Siku hiyo ni kinywaji halali anachokunywa mtoto. Ukiachwa na kutiwa mtama, baada ya muda si omuramba tena bali ni rubisi, kileo. Tunda ni lile lile, kilichobadilisha hukumu ni muda na chachu. Juisi ya machungwa nayo ikilala siku mbili tatu kwenye joto huanza kutoa mapovu, kunuka uchachu na kujaza gesi kwenye chupa. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akirowekewa zabibu kavu au tende, akinywa maji yake siku hiyo na siku zinazofuata, lakini hakupitisha siku ya tatu. Hadithi hiyo isichukuliwe kuwa ni ruhusa ya kuweka juisi siku tatu, maana vijidudu vya kuharisha havisubiri siku tatu. Mafunzo yake ni kwamba kinywaji kitamu kina muda wake, na mwenye nyumba anapaswa kuuchunga. Juisi iliyotoa mapovu au kubadilika harufu imwagwe. Usimpe mtu mwingine eti kwa kuogopa israfu. Israfu ilitokea pale ulipokamua nyingi kuliko mahitaji.

Na hata kwa muda ule mfupi, funika. Kufunika vyombo ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), na nzi wa jikoni ni ushahidi tosha wa hekima yake.

Kikamulio kiko wapi?

Vikamulio vya mkono viko vya aina nyingi, lakini vinavyoonekana zaidi ni vitatu. Cha kwanza ni kile chenye kichwa kilichochongoka chenye mifereji, ambacho unakandamizia nusu ya chungwa na kuizungusha. Huwa cha plastiki, kioo au mti. Cha pili ni cha kubana kama koleo, chenye kikombe cha vitundu, kinachofaa zaidi kwa limau na ndimu. Cha tatu ni kikubwa cha kusimama mezani chenye mpini mrefu wa kushusha, ambacho hutumiwa zaidi na wauza juisi.

Si chombo kipya. Wafinyanzi wa Kütahya, nchini Uturuki, walikuwa wakitengeneza vikamulio vya limau vya kauri katika karne ya 18. Mwaka 1896 Mmarekani Mweusi, John Thomas White, alipata hati ya serikali ya ubunifu wa kikamulio cha limau. Watu wamehangaika kukiboresha kwa sababu moja: kutoa maji ya tunda bila mbegu na bila uchungu wa ganda.

Tatizo la vyote ni kwamba vina mifereji, vitundu na bawaba. Nyama za tunda hujificha humo. Kukisuuza kwa maji matupu na kukitundika hakutoshi. Fanya hivi:

Kwanza, kioshe mara tu unapomaliza kukamua, kabla nyama hazijakauka. Ukichelewa dakika chache tu, kazi huwa mara mbili.

Pili, kifungue chote. Kama kina sehemu zinazotenganishwa, zitenganishe. Tumia maji ya moto, sabuni na brashi ndogo. Mswaki wa dukani uliostaafu unafaa sana, ilimradi uchemshwe kwanza na utengwe kwa kazi hiyo peke yake. Sugua kila kitundu na ndani ya bawaba.

Tatu, kisuuze kwa maji safi na salama, kisha kiweke kwenye kichanja cha vyombo juani kikauke. Usikifute kwa kile kitambaa kinachofuta meza, sufuria na mikono ya watoto, kwa sababu hapo umekirudishia uchafu.

Nne, kikague. Cha mti kikipasuka, nyufa zake haziwezi kusafishika tena. Cha chuma kilichopakwa rangi, rangi ikianza kubanduka, uchachu wa limau utaendelea kuibandua na itaingia kinywani. Cha aluminiamu tupu kisiachwe na ndimu ndani yake, wala juisi isihifadhiwe kwenye sufuria ya aluminiamu au ndoo ya bati. Tumia kioo, kauri au plastiki ya vyombo vya chakula.

Asiye na kikamulio asione amekosa kitu kikubwa. Mkono safi na chujio safi vinafanya kazi ile ile. Kikamulio kichafu ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Namna ya kukamua

Chagua tunda zito kwa ukubwa wake na lenye ganda laini. Tunda jepesi lenye ganda nene mara nyingi lina maji machache. Lioshe kwa maji safi huku ukilisugua kwa mikono, hata kama ganda haliliwi, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinaburuta uchafu mpaka ndani. Lilale juu ya meza, ulibingirishe kwa kiganja huku ukilikandamiza mara kadhaa, ili vifuko vya maji vilegee. Kisha likate kwa katikati kukingama, si kutoka kwenye kikonyo kwenda chini. Ukikata hivyo vyumba vyote vya tunda hufunguka na kutoa maji kwa urahisi.

Kwa kikamulio cha kichwa chenye mifereji, bonyeza na kuzungusha kwa kiwiko cha mkono, huku na huku, bila kutumia nguvu nyingi. Acha unapoanza kuufikia ule utando mweupe wa ganda, maana ndiko uchungu uliko. Kwa kikamulio cha kubana, wengi hukosea upande. Uso uliokatwa unatakiwa utazame chini kwenye vitundu, na mgongo wa ganda uwe juu. Ukibana, ganda hugeuka ndani nje na maji yote hushuka. Ukiweka kinyume, juisi inakurukia machoni.

Jambo moja linalosahaulika: ukimaliza kukamua malimau au ndimu, osha mikono kwa sabuni kabla ya kwenda shambani. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi, kisha ngozi ikapigwa na jua kali, yanaweza kusababisha wekundu, malengelenge na mabaka meusi yanayokaa wiki nyingi. Mama anayekamua ndimu asubuhi na kwenda kupalilia asidhani amerogwa. Ni ndimu na jua.

Limau kwenye sahani ya maharage

Sasa tuje kwenye faida, maana hatutaki msomaji akiogope chombo hiki. Chakula chetu cha kila siku ni ndizi na maharage. Maharage yana madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kutengeneza damu. Lakini chuma cha kwenye mimea hakiingii mwilini kwa urahisi. Sehemu kubwa hupita tu. Vitamini C, ikiliwa katika mlo huo huo, hukifanya chuma hicho kifyonzwe vizuri zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, hukizuia.

Karagwe ya zamani ilisifika kwa wahunzi wake, na vyombo vya chuma vilikuwa miongoni mwa alama za ufalme pale Bweranyange. Ardhi yetu haikukosa chuma, lakini damu zetu zinakikosa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Tanzania nzima, wanawake 45 kati ya kila 100 wa umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, na watoto 58 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5. Sababu zake ni nyingi, ikiwemo malaria na minyoo. Lakini lishe ni mojawapo, na hii tunaiweza wenyewe.

Kwa hiyo matumizi bora ya kikamulio katika nyumba ya Karagwe au Kyerwa si lile jagi kubwa la wageni. Ni limau moja linalokamuliwa juu ya maharage, mchicha au kisamvu, chakula kikiwa tayari kwenye sahani. Usilitie chungu kikiwa bado kinachemka, kwa sababu moto unaharibu vitamini C. Na ile chai au kahawa ya baada ya chakula iahirishwe kwa saa moja hivi. Najua kwamba kwetu kahawa ni heshima ya mgeni. Mgeni apewe kahawa yake kwanza, apumzike, kisha chakula kiletwe baadaye.

Mama mjamzito anayepewa kliniki vidonge vya kuongeza damu naye asivimeze kwa chai. Avimeze kwa maji salama aliyoyakamulia limau. Na yeyote anayejiona anachoka sana, anapumua kwa shida akipanda kilima, au viganja na midomo vimekuwa vyeupe, aende kituo cha afya akapimwe. Limau linasaidia chakula, halichukui nafasi ya daktari.

Kiasi gani, na nani ajihadhari

Mtu mzima anahitaji takriban miligramu 45 za vitamini C kwa siku, mjamzito 55, anayenyonyesha 70. Mililita 100 za juisi ya chungwa iliyokamuliwa sasa hivi, yaani karibu nusu glasi, zina takriban miligramu 50. Maana yake nusu glasi inatosha. Anayekunywa glasi tatu hapati afya mara sita, anapata sukari. Glasi moja hutaka machungwa matatu hivi, na tunapokamua tunaacha nyuzinyuzi za tunda kwenye kikamulio na kunywa sukari yake peke yake. Kwa hiyo mwenye meno na ale chungwa lenyewe. Juisi iwe ya mzee asiye na meno, mgonjwa asiyeweza kutafuna, na siku za furaha kama futari na Idi. Na isiongezwe sukari.

Mtoto chini ya miezi 6 anatosheka na maziwa ya mama tu. Kabla hajatimiza mwaka mmoja hana haja ya juisi. Kuanzia mwaka 1 hadi 3, isizidi nusu glasi ndogo kwa siku. Mtoto anayeharisha asipewe juisi tamu, kwa sababu sukari nyingi inaweza kuzidisha kuharisha. Mpe maji maalumu ya chumvi na sukari ya kwenye pakiti. Pakiti ikikosekana, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, utie vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, ukoroge mpaka viyeyuke. Mnyweshe kidogo kidogo, endelea kumnyonyesha, na umpeleke kituo cha afya upesi.

Mwenye kisukari asinywe juisi bila ushauri wa anayemtibu. Mwenye vidonda vya tumbo anaweza kuumizwa na uchachu, hasa akinywa bila kula kitu. Anayekunywa dawa za shinikizo la damu au za kupunguza mafuta kwenye damu aulize kwanza kabla ya kunywa juisi ya balungi. Tangu mwaka 1989 wataalamu wamejua kwamba balungi huzidisha kiwango cha baadhi ya dawa hizo mwilini, likamfanya mtu awe kama aliyezidisha dozi. Na sote, tukishakunywa juisi ya limau tusukutue kwa maji, kisha tusubiri kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki, maana uchachu hulainisha ngozi ya jino kwa muda.

Tumalizie

Mtume (s.a.w.) alimfananisha Muumini asomaye Qur'an na utrujja, tunda la jamii ya limau, lenye harufu nzuri na ladha nzuri. Ni heshima kubwa kwa tunda hili, nasi tusiliharibu kwa uzembe wa jikoni.

Dada yangu bado anakamua juisi ya futari. Siku hizi machungwa huoshwa mchana na kuwekwa kapuni mazima. Maji huchemshwa asubuhi, yakafunikwa. Kikamulio hukaa kwenye kichanja, si ukutani. Zikibaki dakika kumi tu kabla ya adhana, watoto wakubwa hunawa mikono, mmoja anakata, mwingine anakamua, na jagi linafika mezani likiwa na povu la juisi mpya. Yule mtoto aliyeugua ndiye anayepewa kazi ya kufunika. Anaifanya kwa bidii, na ole wake atakayeliacha jagi wazi.

Ndugu msomaji, leo kabla hujalala nenda jikoni kwako, kichukue kikamulio chako, kifungue, ukitazame kwenye vitundu na bawaba. Ulichokiona hapo ndicho unachowanywesha wanao. Mwenyezi Mungu atujaalie afya njema na atuwezeshe kuitumia katika kumtii.